Ukoka wa wapi unatambaa zaidi? Jinsi ya kuulinganisha mwenyewe ukiwa Mwanza

Kila mvua za vuli zinapokaribia, maswali huwa yale yale. "Ukoka wa Kayenze unatambaa haraka kuliko wa Magu?" "Nikichukua ule wa mbugani Misungwi, utashika kwenye mchanga wangu wa Igombe?" "Jirani kapanda kwenye tuta la lambo, msimu mmoja tu umefunika. Wangu upo pale pale. Nimepewa mbegu mbaya?"

Hakuna anayeweza kukujibu kwa kuutazama ukoka pale ulipoota. Ule mrefu wa kando ya mto huenda ni mrefu kwa sababu unakunywa maji mwaka mzima. Ule mfupi wa malishoni huenda ni mfupi kwa sababu mbuzi hawaupi nafasi. Au kweli ndivyo ulivyozaliwa. Ili ujue, utoe kila mmoja kwao, uipande yote mahali pamoja, kwenye udongo mmoja, siku moja, kisha upime. Mwongozo huu ni wa kazi hiyo tu. Unamfaa mfugaji anayetafuta mbegu ya ngitili (malisho yaliyofungwa yatunzwe kwa ajili ya kiangazi) au ya tuta la lambo, mwanafunzi wa mifugo anayehitaji jaribio lisilo na gharama, na afisa ugani aliyechoka kubishana na wafugaji bila namba mkononi.

Nadharia kidogo, halafu basi. Mwaka 1922 mtaalamu wa mimea wa Sweden, Göte Turesson, alionyesha kwamba mimea ya spishi moja iliyotoka mazingira tofauti, ikipandwa pamoja kwenye bustani moja, mara nyingi hubaki na tofauti zake. Huku kwetu, Sam McNaughton aliyetafiti nyasi za Serengeti kwa miaka mingi alieleza mwaka 1984 jinsi kuliwa mara kwa mara na makundi ya wanyama kunavyoendana na nyasi fupi, zilizobanana na kulala chini. Ukoka nao si mmoja: iko mimea yake yenye kromosomu 18 na mingine yenye 36. Huhitaji kuzihesabu. Unahitaji futi kamba na subira.

Humu nitatumia neno chimbuko kwa maana ya mahali ukoka ulipochukuliwa. Ukoka wa Kayenze ni chimbuko moja, wa Magu ni jingine.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Eneo la wazi la mita 11 kwa 11, linalopigwa na jua kutwa. Ukoka hauvumilii kivuli. Chini ya mwembe hata ulio bora kuliko yote utadorora.
- Uzio. Matawi ya miiba yanatosha, ilimradi mbuzi na kuku wasipite.
- Vikopo au madumu yaliyokatwa nusu, 24, yaliyotobolewa chini.
- Jembe, uma wa bustani kama upo, kisu kikali, mundu au mkasi.
- Futi kamba, kamba ya manila, vigingi.
- Fremu ya mbao ya sm 50 kwa 50, iliyofungwa nyuzi kila baada ya sm 10 pande zote mbili. Utapata vijumba 25.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu.
- Mifuko ya karatasi. Ya nailoni inaozesha majani.
- Daftari gumu na penseli. Wino wa kalamu ukilowa umepoteza jaribio.
- Maji ya uhakika kwa mwezi wa kwanza.

Kuhusu muda: vuli huku huanza Oktoba, mvua hupungua Januari na Februari, masika hushika Machi hadi Mei, kisha kiangazi Juni hadi Septemba. Kwa hiyo kusanya vipande Agosti au mwanzoni mwa Septemba, vizalishe kwa kumwagilia, uhamishie shambani mvua zikishika Novemba. Anayeanza kukusanya Novemba atakuwa anapanda Januari jua likiwaka. Huyo bora asubiri masika.

Hatua ya 1: Hakikisha ni ukoka

Nusu ya mabishano ya "ukoka wangu ni mrefu kuliko wako" huisha hapa, kwa sababu mmoja wao hana ukoka. Ukoka wa kweli (Cynodon dactylon) hutambaa kwa njia mbili. Una mashina yanayotambaa juu ya ardhi, yaani stoloni, na una mengine meupe, magumu, yenye ncha kali, yanayopita chini ya udongo, yaani rizomu. Kichwa chake cha maua kina vidole vyembamba, kwa kawaida 3 hadi 6, vyote vikitokea sehemu moja.

Nyasi zinazochanganywa nao zaidi ni ndugu zake wakubwa, nyasi za nyota (Cynodon nlemfuensis na Cynodon plectostachyus). Nazo ni za Afrika Mashariki na zinatambaa kwa kasi kubwa, lakini chini ya udongo hazina rizomu. Basi chimba. Ukichimba sm 15 ukakuta mizizi mitupu bila shina jeupe lenye vifundo, hiyo si ukoka. Ni malisho mazuri tu, ila machipukizi ya nyasi za nyota yanaweza kuwa na viambato vinavyotoa sayanidi, kwa hiyo usiwafungulie mifugo wenye njaa wazivamie kwa ghafla.

Ndago haipaswi kumchanganya mtu: shika shina lake kwa vidole viwili ulizungushe, utasikia pembe tatu. Ukoka ni mviringo.

Hatua ya 2: Chagua machimbuko manne, usizidishe

Wanaoanza hutaka kumi. Matokeo yake ploti zinakuwa nyingi, wanapima mara mbili, ya tatu wanachoka. Chagua manne yanayotofautiana kweli kweli: ufukwe wa mchanga, mbuga yenye udongo mweusi, njia ya ng'ombe inayokanyagwa kila siku, na mahali palipofungwa pasiliwe, kama ndani ya ngitili au uwanja wa kanisa wenye uzio.

Kwa kila chimbuko andika siku hiyo hiyo: kijiji, aina ya udongo kwa jina la wenyeji (luseni yaani wa kichanga, itogolo yaani wenye tabaka gumu chini, mbuga yaani mweusi), kama panatuama maji, kama panaliwa na wanyama gani, na urefu wa ukoka ulivyoukuta. Huo urefu utaurudia baadaye na utashangaa.

Omba ruhusa. Kwenye malisho ya kijiji muone mwenyekiti. Kwenye ngitili muone mwenyewe. Ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa unalindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, hivyo pale ufukweni ng'oa vipande vichache kwa mkono, usilime wala usianzishe shamba lako la jaribio. Halafu usiingie majini pekupeku kutafuta ule ulioota kwenye ukingo: kichocho kipo Ziwa Victoria. Na ukoka mfupi kama zulia kando ya maji yaliyotulia mara nyingine una mnyoaji wake wa usiku, kiboko. Nenda mchana, na uende na mwenyeji.

Hatua ya 3: Chukua vipande kutoka sehemu nyingi

Hapa ndipo majaribio mengi yanapokufa bila mwenyewe kujua.

Ukoka unajizalisha kwa kutambaa. Zulia zima unaloliona, la upana wa chumba au zaidi, linaweza kuwa mmea mmoja tu uliojisambaza. Ukijaza kiroba kutoka zulia hilo ukarudi nyumbani ukaandika "Magu", hukuchukua ukoka wa Magu. Umechukua mmea mmoja wa Magu. Ukishinda, huwezi kusema Magu imeshinda. Ni kama kupima urefu wa mtu mmoja stendi ya Nyegezi ukatangaza urefu wa watu wa Mwanza.

Fanya hivi:

1. Tembea kwa mstari ukichukua sehemu sita, kila moja mbali na mwenzake kwa hatua 30 au zaidi. Penye njia, mfereji au mwamba katikati ndipo pazuri zaidi, kwa kuwa mmea mmoja haukuvuka kirahisi.
2. Kila sehemu ng'oa mashina machache yanayotambaa, yenye afya, yenye vifundo vinane hadi kumi kila moja.
3. Usichague mashina marefu kuliko yote. Mkono wenyewe hupenda kwenda kwa marefu. Tupa kijiti, pale kilipoangukia ndipo pa kuchukua.
4. Funga kila sehemu peke yake kwa karatasi yenye unyevu, iandike: K1, K2, K3 hadi K6 kwa Kayenze, M1 hadi M6 kwa Magu, na kadhalika.
5. Weka kivulini. Vipande vilivyoachwa juu ya bodaboda kutwa havitashika, na utadhani chimbuko ni dhaifu.

Panda ndani ya siku mbili. Chimbuko la mbali, tuseme la Ukerewe, likusanywe mwisho ili yote yapandwe pamoja. Usilipande Jumatatu la karibu na Jumamosi la kisiwani.

Hatua ya 4: Zalisha kwanza kwenye kitalu

Watu huniuliza kwa nini wasipande moja kwa moja shambani. Sababu ni kwamba kipande kinakuja na akiba ya kwao. Kilichotoka kando ya zizi kina chakula kingi ndani ya shina. Kilichotoka kwenye njia ya ng'ombe kimechoka. Wiki za kwanza kile kilichoshiba kitakimbia, na wewe utaandika kwamba chimbuko lake ni bora. Kuvikalisha vyote mahali pamoja kwa muda kunapunguza tofauti hiyo ya akiba.

Changanya udongo wote kwa mara moja, lundo moja: sehemu tatu za udongo wa juu, moja ya mchanga, moja ya samadi iliyooza vizuri. Jaza vikopo 24 kutoka lundo hilo hilo. Panda kila sehemu kwenye kikopo chake, K1 chake, K2 chake. Mwagilia kiasi sawa kila siku. Kila wiki hamisha vikopo nafasi, kwa sababu vya pembeni hupata jua zaidi kuliko vya kati.

Baada ya wiki sita hadi nane mashina mapya yatakuwa yananing'inia nje ya kikopo. Hayo mapya, yaliyokulia kwako, ndiyo utakayopanda shambani. Ya zamani yaache.

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi na wenye haraka. Ukiiruka, basi usitoe hukumu kwa vipimo vya miezi miwili ya kwanza.

Hatua ya 5: Andaa ploti na upige kura

Chagua udongo unaofanana na ule utakaopanda hatimaye. Kama shamba lako ni luseni, jaribu kwenye luseni. Mshindi wa mbuga hana ahadi yoyote kwenye mchanga. Epuka mahali palipokuwa zizi, penye kichuguu kilichobomolewa, na penye mizizi ya mti mkubwa.

Lima, okota mabaki yote ya nyasi, mwagilia, kisha uache wiki tatu. Ukoka wa zamani uliokuwemo utachipua. Ung'oe na rizomu zake. Usipofanya hivi, mwezi wa pili utakuwa unapima ukoka wa mwenye shamba wa zamani.

Pima ploti 16, kila moja mita 1.5 kwa 1.5, safu nne za ploti nne, njia ya mita 1 katikati yake na pembeni pande zote. Mwanza kila kiwanja kina mteremko, juu mawe na changarawe, chini udongo na maji. Kwa hiyo kila safu ikate mteremko, yaani ploti nne za safu moja ziwe kwenye kimo kimoja. Safu ya juu ina shida zake, ya chini ina raha zake, na kila chimbuko linaonja vyote.

Ndani ya kila safu, piga kura. Andika majina manne kwenye karatasi, kunja, tia kwenye kofia, mtoto achague. Rudia kwa kila safu. Usipange "K, M, K, M" kwa macho, na usimpe ukoka unaoupenda ile ploti ya karibu na bomba.

Kando ya njia chimba mfereji mwembamba wa kina cha sm 30 kuzunguka kila ploti ili rizomu zisiingie kwa jirani. Na kama upande wa pili wa uzio kuna bustani ya mchicha au pamba ya mtu, hama. Ukoka ni malisho kwako, kwa mwenye shamba ni gugu sugu, na kila kipande chenye kifundo kilichokatwa na jembe huanza maisha yake.

Hatua ya 6: Panda

1. Subiri udongo ulowe vizuri.
2. Kwa kila chimbuko tumia sehemu nne kati ya sita, moja kwa kila ploti: K1 safu ya kwanza, K2 ya pili, K3 ya tatu, K4 ya nne. K5 na K6 ni akiba.
3. Kata vipande vyenye vifundo vitatu vyenye unene unaokaribiana.
4. Katikati ya ploti chimba shimo la sm 5. Weka vipande vitatu vya kikopo kimoja, vifundo viwili chini, kimoja juu. Kandamiza kwa kisigino.
5. Panda zote 16 siku moja. Jua likitaka kuchwa bado tatu, washa tochi.
6. Baada ya wiki mbili acha mche mmoja, wa kati, si mkubwa kuliko wote. Ploti iliyokufa jaza kutoka akiba na uandike tarehe.

Maji: lita 1 kwa mita ya mraba ni sawa na milimita 1 ya mvua. Ukimwaga ndoo ya lita 10 kwenye ploti ya mita za mraba 2.25 umenyesha kama milimita 4 na nusu. Toa sawa kwa zote, kila siku mbili pasipo mvua, kisha acha kabisa baada ya mwezi. Samadi usiongeze. Kama ni lazima, iwe kwa zote na kwa mizani.

Hatua ya 7: Pima kutambaa

Anza wiki ya nne, rudia kila wiki mbili, siku ile ile, mtu yule yule akishika futi kamba. Andika vitu vitatu.

Kwanza, upana wa mmea. Pima kutoka ncha ya shina la mbali kupita katikati hadi ncha ya upande wa pili. Kisha pima upana unaokata huo kama msalaba. Jumlisha, gawa kwa mbili.

Pili, eneo lililofunikwa. Weka fremu mara tisa mpaka umalize ploti nzima. Hesabu vijumba ambavyo zaidi ya nusu yake ni ukoka. Ploti ina vijumba 225, kila kimoja mita ya mraba 0.01.

Tatu, pingili. Chagua mashina matatu kwa kila mmea, pima umbali kati ya kifundo cha tatu na cha nne kutoka ncha. Hii inakuambia namna mmea unavyosafiri: wenye pingili ndefu unaruka mbele na kuacha mapengo, wenye fupi unasonga polepole ukifunika kila kitu nyuma yake. Macho ya mpita njia humsifu wa kwanza. Lakini wa pili ndiye asiyeacha udongo wazi.

Kasi unaipata hivi. Tuseme siku ya 28 upana ulikuwa sm 40, siku ya 42 ukawa sm 82. Tofauti ni 42, gawa kwa siku 14, unapata sm 3 kwa siku, yaani sm 1.5 kila upande.

Angalizo: mmea wa kwanza kabisa ukigusa ukingo wa ploti, hapo vipimo vya upana vimefungwa kwa ploti zote. Ukiendelea, yule mwenye mbio ataonekana amesimama kwa sababu tu ameishiwa uwanja, na wazembe watamfikia kwenye daftari. Kuanzia hapo punguza mashina yanayotoka nje na uingie hatua ya 8.

Usiyapinde mashina, usiyakandamize chini kwa vijiti, wala usiyaelekeze. Yaliyoinuliwa na upepo yapime yalivyo.

Hatua ya 8: Kata, pima uzito, halafu tazama nani anarudi

Wiki ya kumi hivi, hesabu vijumba kwa mara ya mwisho, andika urefu wa ukoka ulivyosimama, kisha kata ploti zote kwa kimo cha sm 5. Kata kijiti cha sm 5 ukitumie kama kipimo. Jicho linachoka ploti ya tano. Tia kila ploti kwenye mfuko wake wa karatasi.

Uzito mbichi una maji mengi na hubadilika na umande, usiutumie. Anika kwenye bati au turubai, geuza, ingiza ndani usiku. Pima kila siku. Uzito ukiacha kushuka siku mbili mfululizo, huo ndio uzito mkavu. Mwenye tanuri ya maabara atumie nyuzi 65 kwa saa 48.

Sasa usikimbilie kusema nani ana gramu nyingi. Tuseme A ilifunika vijumba 90 na kutoa gramu 162. B ilifunika 40 na kutoa 120. Kwa ploti nzima A iko mbele. Lakini gawa kwa eneo: A ni gramu 162 kwa mita ya mraba 0.9, sawa na 180 kwa mita ya mraba. B ni 120 kwa 0.4, sawa na 300. A anasafiri, B anajaza. Mwenye tuta la lambo linalomomonyoka achukue A. Mwenye kipande kidogo cha kukatia ndama achukue B na aupande kwa karibu karibu. Anayekuuliza "upi bora?" bila kusema wa kazi gani hajauliza swali bado.

Baada ya kukata usimwagilie, usitie mbolea. Subiri wiki tatu, kata tena sm 5, kausha, pima. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote kwa mfugaji, kwa sababu malisho hayaliwi mara moja. Usishangae mrefu wa kwanza akiwa wa mwisho hapa. Ukoka uliozoea meno mara nyingi umeweka macho yake ya kuchipua chini kabisa, mahali mundu haufiki.

Hatua ya 9: Soma namba kwa uaminifu

Panga namba nne za kila chimbuko kwa mstari, kuanzia ndogo. Mfano wa kubuni wa upana kwa sentimita:

A: 60, 70, 75, 88
B: 64, 72, 81, 90
C: 105, 110, 118, 121

Wastani wa B ni mkubwa kuliko wa A, 76.75 dhidi ya 73.25. Usimtangaze B. Namba zao zimeingiliana. Tofauti kati ya mimea ya A yenyewe kwa yenyewe ni kubwa kuliko tofauti ya A na B. Lakini C, hata mdogo wake amewapita wakubwa wa wengine. Kama machimbuko mawili kwa kweli yangekuwa sawa, nafasi ya namba nne zote za moja lililotajwa kupita zote nne za jingine kwa bahati tu ni 1 kati ya 70. Hapo unaweza kuongea kifua mbele, ukiongeza maneno "kwenye udongo huu, msimu huu".

Rudi sasa kwenye ule urefu ulioandika hatua ya 2. Chimbuko lililokuwa fupi kwao na likabaki fupi kwako lina ufupi wa asili. Lililokuwa fupi kwao likarefuka kwako lilikuwa linaonewa tu na mbuzi.

Ploti usizivunje kabla ya kiangazi. Agosti tembea uandike nani bado ana kijani, nani amekauka juu lakini rizomu zake ukichimba ni nyeupe na ngumu. Mvua za kwanza zikirudi, andika siku ambayo kila ploti imechipua.

Mambo yakienda kombo

*Vipande havishiki.* Chimbua kimoja. Kama shina limeliwa na kuachiwa udongo ndani, ni mchwa; ondoa mabaki makavu yote na upande upya ploti hiyo kutoka akiba. Kama ni kikavu tu, ulipanda juu juu au udongo haukukandamizwa.

*Majani ya njano ploti zote.* Udongo una njaa ya naitrojeni. Liache jaribio liendelee kama shamba lako halisi nalo lina njaa hiyo hiyo. Yakiwa ya njano kwenye safu ya chini tu, maji yanatuama; fungua mfereji.

*Ploti moja imewaacha wenzake mbali.* Kabla ya kushangilia, chimba pembeni yake. Mara nyingi utakuta samadi ya zamani au udongo wa kichuguu. Iandike, na ufanye hesabu mara mbili, nayo ikiwemo na bila yake.

*Viwavijeshi.* Huja na mvua na hupenda nyasi za jamii hii. Ukiwaona ploti moja, pima zote siku hiyo hiyo kabla hawajasambaa, kisha tibu zote 16 sawasawa. Ukitibu zilizoliwa tu, umezipa upendeleo.

*Mbuzi wameingia.* Wakila zote, kata zote kwa sm 5 na uanze kuhesabu siku upya kwa ajili ya machipukizi. Wakila ploti mbili tatu za safu moja, ondoa safu hiyo nzima kwenye hesabu. Usikadirie kwa macho zingekuwa na upana gani.

*Mashina ya ploti mbili yamekutana njiani.* Yafuate kwa mkono hadi mizizini, kata ya mgeni. Usingoje yatie mizizi, maana baada ya hapo hakuna atakayejua ni wa nani.

*Matokeo yangu yanapingana na ya mwenzangu wa Kwimba.* Linganisheni udongo, kimo cha kukata na sehemu mlizochukua. Kama mmoja alichukua kutoka zulia moja, ubishi umeishia hapo. Vinginevyo huenda wote mko sahihi, kila mmoja kwa udongo wake. Wataalamu wa malisho wa kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI Mabuki, Misungwi, ni watu wa kuendea na daftari lenye namba za namna hii.

*Nimemaliza, nataka kuuondoa.* Fanya kazi hiyo kiangazi. Chimba kwa uma, si jembe la kukatakata, toa rizomu zikiwa ndefu, zianike juu ya bati mpaka zivunjike mkononi. Usizitupe kwenye mfereji wa mvua, maana zitashuka na maji hadi shamba la mtu. Mvua ya kwanza ikinyesha pita tena, ng'oa vilivyochipua, na baada ya wiki tatu pita mara nyingine.